Kirusi cha Baba Rawya

Miaka ishirini na tisa nimelala kitanda kimoja na mtu anayejua Kirusi, na mie sina habari. Wala si maneno mawili matatu ya kusalimiana. Kirusi hasa, cha kugombania bei sokoni na cha kubembeleza mgonjwa, na juu yake Kiukraine cha shamba. Nimezaa naye watoto watatu, nimemuuguza goti, nnajua hata akikasirika anaanza kukuna sikio lipi, lakini hilo moja sikulijua. Aliyelifichua ni bibi mmoja aliyekataa kula pilau yangu. Na mtu akikataa pilau yangu, mie simsahau.

Ilikuwa mwaka 2007, mwezi wa sita, siku za kile kimbunga walichokiita Gonu. Mvua ilipiga usiku kucha, na asubuhi ya Jumatano wadi yetu ya Darsait hapa Maskati, bonde la mto ambalo mwaka mzima ni mchanga mkavu watu wanaegesha magari, ikashuka na magari hayohayo. Nyumba yetu ina ngazi saba kutoka barabarani. Nimezilaani ngazi zile miaka yote kwa ajili ya magoti, lakini siku ile nilizishukuru. Ndani tulikuwa wawili tu, mie na mume wangu Sleiman, ninayemwita Baba Rawya kwa jina la binti yetu mkubwa. Watoto wote wana nyumba zao.

Ng'ambo ya kichochoro kuna jengo la fleti, na fleti ya chini akikaa nesi mmoja kutoka Ukraine, Halina, na binti yake wa miaka sita, Orisia. Tukipungiana mikono asubuhi, yeye kavaa nguo zake za kazini, mie nafagia ngazi. Mwezi wa nne alikuja mama yake kuwatembelea, bibi mnene wa miaka sabini na kitu, kitambaa kafunga chini ya kidevu. Basi Jumanne Halina alikwenda hospitali kwenye zamu, barabara zikakatika, simu zikafa, hakurudi.

Nikachungulia dirishani nikamwona bibi kasimama juu ya meza, mtoto kambeba, maji yamefika kwenye droo za meza.

"Baba Rawya! Watu wanazama!"

"Subiri polisi, Muhsina," akasema. "Mimi na goti hili nitakuwa mzigo wa pili."

"Subiri weye," nikamwambia, nikakunja buibui nikashuka.

Maji yalinifika kiunoni, ya baridi, yamejaa matope na makopo. Mlango wao nilipambana nao kwa bega mpaka ukafunguka. Nikambeba mtoto mgongoni, nikamshika bibi mkono, tukavuka. Hatukuambiana neno, kwani lugha gani? Tulipofika juu ya ngazi akajipiga kifuani akasema, "Paraska." Nami nikajipiga changu nikasema, "Muhsina." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima.

Sasa sikilizeni habari ya friza. Nilikuwa na mbuzi wawili wazima humo, nimewaweka kwa hitma ya marehemu mama yangu. Umeme ukakatika, nyama ikaanza kuyeyuka. Nikasema alhamdulillahi, Mungu kaniletea na wageni wa kuila. Gesi ilikuwepo, nikapika. Jumatano pilau, Jumatano jioni mchuzi wa mbuzi na chapati za samli, Alkhamisi biriani, na chai ya maziwa kila saa. Mtoto alikula mpaka akalala na mfupa mkononi. Bibi aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa adabu, akala tende tatu, akanywa maji. Basi.

Siku ya kwanza nikasema uchovu. Siku ya pili nikabadilisha sahani, nikatoa zile za sherehe. Akatazama biriani yangu kwa macho mazuri kabisa, macho ya mtu mwenye njaa, akaisukuma kidogo.

"Ananiona mchafu huyu," nikamwambia mume wangu ukumbini. "Nimemtoa majini kwa mkono wangu, sasa chakula changu kinamnuka. Warusi wana kiburi."

"Waukraine," akasema, nyuma ya gazeti la juma lililopita.

"Warusi, Waukraine, wote si walewale?"

"Si walewale," akasema, akageuza ukurasa. Alikuwa akikuna sikio la kushoto, na mie mjinga nikadhani ni mimi niliyemkasirisha.

Nilimpa bibi kila kitu cha fahari. Mkate mkavu sikumpa. Mgeni wa nyumba yangu nimpe mkate mkavu, watu wakisikia nitauweka wapi uso wangu? Jikoni kulikuwa na sufuria ya kunde za nazi, kwa sababu Baba Rawya ana jongo na daktari kamkataza nyama. Sufuria ile nilikuwa nikiifunika kwa kitambaa bibi akipita, asije akaona tunakula kunde akadhani tumefilisika.

Ijumaa, baada ya sala, Paraska alikwenda kunawa mikono. Akashika fremu ya mlango, akateleza polepole mpaka sakafuni. Orisia akapiga ukelele. Nilimkokota bibi mpaka kwenye godoro langu, midomo imekauka, macho kayafumba. Hospitali hakuendeki, wadi bado inakwenda. Simu ya jirani nayo kimya. Nikachukua supu ya mifupa, kijiko mkononi, nikamwinua kichwa. Akauma meno. Nikajaribu tena. Akauma meno.

Hapo nikapandwa. Na nisiwafiche, hasira ile ilikuwa woga mtupu.

"Utafia kwangu? Mwanao akija nimwambie nini, nilimwokoa mama yako na maji nikamuua kwa njaa? Kunywa, mwanamke! Kunywa!"

Nyuma yangu nikasikia mtu anazungumza. Sauti ya mume wangu, maneno siyo yake. Yalikuwa laini, yanapanda na kushuka, na hakuyatafuta hata moja. Nikageuka. Baba Rawya kapiga goti lake bovu sakafuni, kamshika bibi mkono, anazungumza. Na bibi kafumbua macho. Akamtazama mtu huyu mweusi kwa jua, mwenye kofia ya Kimaskati kichwani, akaanza kulia kwa sauti na kujibu na kulia. Orisia alimrukia mume wangu shingoni.

"Kafunga," Baba Rawya akaniambia bila ya kunitazama.

"Kafunga nini? Ramadhani bado miezi mitatu!"

"Mfungo wa kanisa lao, umeanza Jumatatu. Hali nyama, wala maziwa, wala mayai, wala samli. Na mwanawe kupotea ndiyo kazidi kushikilia, anasema akiuvunja sasa atamwombea vipi? Supu hiyo hata ukimfungua meno kwa koleo, hanywi. Mlete kunde zangu."

Jamani. Kunde! Mie mwenyewe hufunga siku sita za Shawwal kila mwaka, na hapa nimekaa siku mbili namsukumia mfungaji biriani puani. Nikakimbilia jikoni. Nikaja na sufuria na mkate wa juzi, mkavu kweli. Paraska akakaa kitako, akauliza jambo, Baba Rawya akamhakikishia kuwa ile ni nazi, inatoka mtini. Akafanya ishara yao ya msalaba, akala sahani mbili, na ya tatu akaifuta kwa mkate. Rangi ilimrudi pale pale. Akanibusu kiganja changu, nami nikambusu kichwa, tukalia wote wawili tukicheka.

Halafu nikamwita mume wangu jikoni, nikafunga mlango.

"Siku tatu," nikasema. "Siku tatu umekaa kwenye kiti chako unamsikia bibi akimwambia mjukuu wake kuwa kafunga."

"Nimemsikia."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa najua nikisema neno moja, la pili litakuwa lako. Utaniuliza nimejulia wapi."

"Haya, umejulia wapi?"

Akaegemea friza iliyokufa, akaniambia. Kiev. Mji mkuu wa kwao Paraska, enzi hizo chini ya Moscow. Miaka mitano, toka sitini na tano mpaka sabini. Serikali ya baada ya mapinduzi kule Zanzibar ilichagua vijana wa kupeleka nje, naye alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo. Akaambiwa atakwenda kusomea pampu na mabomba ya maji. Akaenda.

"Na Cairo?"

"Cairo nilipita wakati wa kuja huku. Nilikaa miezi mitatu."

Miezi mitatu! Watoto wangu wamelelewa kwa hadithi za Cairo, mji aliotuambia kasomea. Nimezisikia habari za Cairo mpaka nnaweza kukuelekezeni njia.

Sasa nisipokuambieni habari ya baba yangu, mtamwona mume wangu kichaa. Baba yangu alifungwa na serikali hiyo kule Zanzibar miezi kumi na minne. Aliingia mwanamume mzima, akatoka hana meno ya mbele na hasikii sikio moja. Mie nilikuwa na miaka minane. Tulipofika Maskati, na watu wakaanza kuja kuposa, baba aliweka sharti moja tu. Si mali, si ukoo. Alisema binti yake hamwozi mtu yeyote aliyelishwa kwa mkono wa serikali ile, na wa kwanza kabisa ni wale waliopelekwa Urusi. Kaka yangu Marhoon alishika neno hilo mpaka leo, miaka kumi na mbili baba yuko kaburini. Mtu aliyesoma Moscow akiingia msibani, Marhoon anatoka.

"Ningesema kweli nisingekupata," akasema Baba Rawya. "Kisha nikakupata, na kila mwaka ikawa ngumu zaidi kuliko mwaka uliopita."

"Ungenambia mie. Mie, si baba."

"Ungeweza kumficha baba yako?"

Nikamwambia atoke jikoni mwangu, na kwamba simzungumzishi.

Lakini haya ndiyo maajabu ya Mungu: umemnunia mtu, na huyohuyo ndiye mkalimani pekee wa mgeni wako. Jumamosi barabara ikafunguka kidogo, nikasema nikitazama ukuta, "Mwambie mgeni wangu kwamba kuna mtu atakwenda hospitali kumtafuta mwanawe." Akamwambia, akaenda na gari, akarudi na Halina, macho mekundu, hajalala siku nne. Mama na mwana walivyokumbatiana pale juu ya ngazi nisingependa kuwasimulieni, nitalia tena. Fleti yao ilikuwa matope mpaka dirishani, nikasema watakaa kwangu hadi itakapokauka, na kama haikukauka basi watakaa tu.

Jioni ile tumekaa ukumbini na taa ya chemli, mie nachambua kunde na Paraska. Nikasema, bado natazama ukuta, "Mwambie mgeni wangu kwamba mume wangu ni mwongo."

Baba Rawya akakohoa. Akatafsiri neno kwa neno, maana Halina alianza kucheka. Paraska akafikiri, akajibu.

"Anasema wa kwake alikuwa msema kweli toka asubuhi mpaka usiku," akasema Baba Rawya, "na siku aliyokufa hakuna jirani aliyekuja kumlilia."

Nikacheka, na nikajichukia kwa kucheka.

"Muulize mgeni wangu," nikasema, "mtu akikaa kwao miaka mitano anakula nini."

Basi hapo akasimulia, mara kwa lugha yao mara kwa yetu. Majira ya baridi ya mwaka wa pili mabomba ya maji moto ya dakhalia, bweni lao, yalipasuka, wanafunzi wakalala na makoti, naye akashikwa na homa ya mapafu. Aliyekuwa akifagia dakhalia ile ni mwanamke mmoja, Motria, mjane mwenye watoto wawili na chumba kimoja. Alimfunga Sleiman blanketi, akampeleka kwake, akamlaza kitandani pake, yeye na wanawe wakalala chini. Miezi miwili. Ikafika Kwaresima yao, Motria akawa anapika vyungu viwili: chake cha viazi na maji, na cha mgonjwa chenye nyama aliyoipangia foleni toka alfajiri.

"Kwa hiyo nilijua, Muhsina," akasema, na safari hii alinitazama mimi. "Nilikuwa najua anachofanya bibi huyu tangu tende za kwanza. Mimi niliyelishwa vile. Nikakaa na gazeti."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, ila sasa nilikuwa nnaona aibu yake pia, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko hasira yangu. Nikampa bakuli la kunde amsaidie Paraska kuchambua. Kuzungumza, bado.

Jumapili, kabla ya adhuhuri, maji ya mfereji yamekatika mji mzima, kaka yangu Marhoon akaja. Ana duka Hamriya, nalo lilijaa matope, lakini alikuwa kapata maji ya kunywa kwa mtu wa lori na akatukumbuka. Mtu ni huyo, moyo wake mkubwa, chuki yake nayo kubwa. Alipanda ngazi na galoni mbili mikononi, hakubisha hodi, kwa sababu kwa dadake habishi. Na mie nilikuwa jikoni.

Nilisikia galoni zikitua chini.

Nikatoka mbio. Ukumbini Baba Rawya alikuwa kakaa na Paraska na Halina na mtoto, katikati ya hadithi, mikono hewani, anazungumza kile Kirusi chake kama kazaliwa nacho, na wote watatu wanacheka. Alikuwa hajamwona aliyeingia. Kaka yangu kasimama mlangoni, uso umemsawijika.

"Anazungumza nini huyu?" Marhoon akauliza, polepole. "Muhsina. Mtu wa kwetu, wa umri huu, lugha hii anaijulia wapi?"

Jawabu alikuwa nalo. Alitaka lisemwe tu. Na mie nilijua likisemwa vibaya itakuwaje: Marhoon atageuka, hatokanyaga tena ngazi zile, hatokuja kwenye harusi za watoto wangu wala mazishi yangu, na mume wangu hatoweza kukaa kwenye baraza yoyote ya Wazanzibari Maskati nzima. Miaka ishirini na tisa aliiogopa saa ile, na sasa imefika mchana kweupe.

Baba Rawya akasimama. Uso hauna rangi. "Marhoon," akasema, "kaka yangu, mimi nime..."

"Kajulia Kiev," nikasema mie.

Wote wakanigeukia.

"Kapelekwa na serikali ile, kijana wa miaka kumi na tisa, hakuulizwa anataka au hataki. Alinambia kabla ya posa. Alitaka kumwambia na baba, mie ndiye niliyemkataza. Nilimwambia akisema tu, hanipati, na mie namtaka. Kama una la kusema, kaka, nambie mie. Nimejua miaka yote."

Wallahi sikupanga. Ulimi ulikwenda wenyewe. Mie niliyemnunia mtu siku mbili kwa uongo wake, nikausimamisha wa kwangu mkubwa kuliko wake, mbele ya wageni, na sikupepesa jicho.

Marhoon akauliza, "Baba hakujua?"

"Baba kafa hajui."

"Na mie umenificha miaka yote hiyo."

"Na wewe nimekuficha."

Akamtazama Paraska. Bibi yule hakuelewa hata neno moja, lakini aliuona uso wa kaka yangu na uso wangu. Akainuka kwa tabu, akachukua sahani ya mkate na kunde iliyokuwa mbele yake, chakula chake yeye, akaja nayo mpaka mlangoni, akamnyooshea Marhoon kwa mikono miwili. Akasimama hapo na sahani yake.

Kaka yangu hakai na sahani ya mtu hewani. Hakulelewa hivyo. Akachukua kipande cha mkate, akakitia mdomoni, akatafuna kama mtu anayetafuna kokoto.

"Huyu bibi ni wa ile fleti ya chini iliyozama?" akauliza.

"Ndiye."

Akameza. Akafuta mkono kwenye kanzu yake. Kisha akasema, akiwa kampa mume wangu bega na wala si uso, "Kuna galoni nane kwenye gari. Mgongo wangu mbovu. Sleiman, njoo uzibebe."

"Goti lake..." nikaanza.

"Abebe na goti lake," akasema Marhoon, akashuka ngazi.

Baba Rawya akashuka nyuma yake. Nikawachungulia dirishani. Hawakusemezana. Kaka yangu alikuwa akizitoa galoni garini na kumwekea mikononi mojamoja, na ya mwisho wakaishika pamoja, huyu huku na huyu huku, wakapanda nayo ngazi zote saba. Akanywa kahawa finjani moja, akaaga, akasema Ijumaa atakuja tena kuona kama maji yametosha. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Wageni wakaenda kupumzika. Mume wangu alibaki amesimama katikati ya ukumbi, kifua kinapanda na kushuka kwa galoni zile.

"Muhsina," akasema. "Kwa nini?"

Nilikuwa sijamzungumzisha tangu Ijumaa. Nikakipigapiga kwa kiganja kiti kilicho ubavuni mwangu.

"Kaa," nikamwambia. "Kaka yangu anarudi Ijumaa, na nimemwambia nnayajua yote. Sasa anza siku uliyopanda ndege, na usiruke kitu."